Kupunguza Maji, Chumvi na Rangi Inayopotea Katika Kiwanda cha Vitambaa vya Pamba

Kiwanda cha nguo kinapopokea barua ya onyo kuhusu majitaka yake, wenye kiwanda huwa wepesi kuulizia bei ya mtambo wa kusafishia majitaka. Mtambo huo utahitajika, lakini si wa kuanza nao, kwa sababu ukubwa wake na gharama ya kuuendesha hutegemea wingi wa maji, chumvi, wanga na rangi inayomwagwa. Anayeujenga kabla ya kupunguza umwagaji hujenga mkubwa kuliko anaouhitaji, kisha kila mwezi hulipia umeme na kemikali za kusafisha vitu ambavyo alivinunua kwa fedha yake mwenyewe na havikufika kwenye kitambaa. Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa idara za kung'arisha, kutia rangi na kuchapa katika viwanda vya pamba vya Afrika Mashariki, vinavyotengeneza kanga, vitenge, mashuka na vitambaa vya sare.

Mita kwanza

Mita moja ya mamlaka ya maji, au ya kisima, haisemi maji yanaishia wapi. Funga mita ndogo kwenye kila mashine inayotumia maji mengi, kwenye boila, na kwenye bomba la kuoshea sakafu na skrini (nyavu za kuchapia), kisha agiza zisomwe kila mwisho wa zamu na kuandikwa pamoja na kilo za kitambaa kilichopita. Namba inayotafutwa ni lita kwa kila kilo ya kitambaa, kwa kila mashine na kwa kila aina ya rangi, kwani nyeusi na samawati ya kukolea hazilinganishwi na waridi hafifu. Mita kuu isomwe Jumamosi jioni mashine zikishazimwa, na isomwe tena Jumatatu alfajiri kabla hazijawashwa. Ikiwa imesogea, kuna koki, tangi au bomba la chini ya ardhi linalovuja. Mipira ya kuoshea ifungwe vichwa vyenye kifyatuo, ambavyo hujifunga mkono unapoachia. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, na hakuna sababu ya kusubiri bajeti ya mwaka ujao ili kukinunua.

Uwiano wa maji na kitambaa

Hapa ndipo penye akiba kubwa kuliko mahali pengine popote kiwandani. Chukua mashine ya winchi, ambayo huzungusha kitambaa kwa roli ndani ya tangi la maji ya rangi, inayobeba kilo 200 za kitambaa kwa uwiano wa lita 20 za maji kwa kila kilo. Kila inapojazwa hutumia lita 4,000, na kazi ya rangi ya kukolea, tangu kung'arisha hadi suuza ya mwisho, huweza kuhitaji mijazo 8, yaani lita 32,000. Rangi za riaktivu, yaani zinazoungana na uzi kikemia, ambazo ndizo zinazotumika sana kwenye pamba, huhitaji chumvi ili ziache maji na kuufuata uzi. Kwa gramu 60 za chumvi kwa lita, mjazo mmoja tu wa rangi hula kilo 240 za chumvi, uzito unaozidi ule wa kitambaa chenyewe. Mashine ya jeti, inayosukuma kitambaa kwa mchirizi wa maji ya rangi, yenye uwiano wa lita 8 kwa kilo ingetumia lita 1,600 kwa mjazo, na kwa kipimo kilekile cha gramu, chumvi ingeshuka hadi kilo 96. Maji machache ni pia maji machache ya kuchemsha, kwa hiyo kuni au mafuta ya boila hupungua pasipo juhudi nyingine.

Chumvi inastahili kuogopwa kuliko rangi. Rangi huonekana mtoni na watu hulalamika siku hiyohiyo, ilhali chumvi hupita kimya katika kila hatua ya mtambo wa kawaida wa majitaka: bakteria hawaili, shabu haiituwamishi, na kuitenga huhitaji vichujio vya shinikizo kubwa na mitambo ya kuvukiza maji, ambavyo gharama yake ni nzito. Mji wa Tirupur katika jimbo la Tamil Nadu, India, unaojulikana kwa fulana, ulilijua hilo kwa uchungu. Majitaka yenye chumvi kutoka viwanda vya rangi yaliuharibu mto Noyyal na bwawa la Orathupalayam ambalo wakulima walilitegemea kwa umwagiliaji, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda hivyo vifungwe hadi vitakapoacha kabisa kumwaga majitaka. Kiwanda kinachotumia chumvi kidogo tangu mwanzo hujiepusha na gharama hiyo.

Asiye na fedha ya kununua jeti anayo mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kupanga oda ili mashine isiingizwe kilo 80 huku maji yakijazwa kwa kiwango cha kilo 200. Fundi hupunguza kitambaa kwa urahisi lakini husahau kupunguza maji, chumvi na magadi. La pili, kwa vitambaa vya kufumwa kwa mtande na mshindo (nyuzi za urefu na za upana), ni njia ya baridi: kitambaa huchovywa katika mchanganyiko mzito wa rangi na alkali, hukamuliwa kati ya roli mbili, huzungushwa kwenye roli kubwa, hufunikwa kwa plastiki isiyopitisha hewa na kuachwa kikizunguka polepole kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kuoshwa. Njia hii haihitaji chumvi, na mvuke huhitajika wakati wa kuosha tu. Sharti lake ni nidhamu: roli zikamue sawasawa kutoka pindo hadi pindo, na joto la chumba lisibadilike sana kati ya mchana na usiku, vinginevyo jora litatoka na rangi mbili.

Rangi ya riaktivu hushikana na pamba, lakini hushikana na maji pia, na ile iliyokwisha kushikana na maji haiwezi tena kuingia kwenye uzi. Kwa rangi nyingi za kawaida, asilimia 20 hadi 40 huishia mtaroni kwa njia hiyo. Rangi zenye vishikizo viwili kwa kila molekuli hupoteza kiasi kidogo zaidi, na bei yake ya juu ipimwe kwa gharama ya kazi nzima, si kwa bei ya kilo. Upotevu mbaya kuliko huo ni kurudia rangi, kwa kuwa jora lililokosewa hutumia kila kitu mara mbili. Sampuli ya maabara itengenezwe kwa maji yaleyale yanayotumika kiwandani, hasa pale ambapo kisima kina maji magumu, na mizani ya chumba cha rangi ihakikiwe mara kwa mara.

Kabla ya rangi, na baada yake

Wanga unaopakwa kwenye uzi wa mtande ili usikatike kwenye mtambo wa kufumia huoshwa wote baadaye, na huweza kuwa nusu ya uchafu wa kikaboni unaotoka katika maandalizi ya kitambaa. Kiwanda kinachojifumia chenyewe kikae na idara ya ufumaji na kuuliza ni wanga kiasi gani unaohitajika kweli, badala ya kuendeleza kipimo cha zamani. Kiwanda kinachong'arisha kwa hipokloraiti, ambayo ni dawa ya klorini, kihamie peroksidi, kwani klorini huacha misombo ya sumu isiyooza upesi. Peroksidi iliyobaki iondolewe kwa katalesi, kimeng'enya kinachoivunja kuwa maji na oksijeni, na rangi iingizwe katika maji hayohayo bila suuza mbili au tatu za katikati.

Kuhusu suuza, tabia ya kuacha maji yaingie juu na kumwagika kando hadi yaonekane meupe ndiyo inayokula maji zaidi. Jaza, zungusha, mwaga, ujaze tena. Mijazo michache ya aina hiyo husafisha vizuri kwa maji pungufu. Katika mashine za kuosha mfululizo, maji safi yaingie kwenye chumba cha mwisho na yarudi nyuma kukikabili kitambaa, ili kitambaa kilicho safi zaidi kikutane na maji yaliyo safi zaidi. Maji ya suuza ya mwisho yakusanywe kwa ajili ya suuza ya kwanza ya jora linalofuata au kuoshea skrini.

Kwenye uchapaji wa kanga na vitenge, uji wa rangi unaobaki ndani ya mabomba na skrini ni kilo kadhaa kwa kila rangi, na fundi akifungua maji kabla ya kukwangua, zote huenda mtaroni. Ukwanguliwe kwanza kwa kibao cha plastiki, urudishwe kwenye ndoo yenye jina la rangi na tarehe, na utumike katika rangi za giza. Uji wa pigmenti, rangi inayogandishwa juu ya uzi kwa gundi, hukaa bila kuharibika upesi. Ule wa riaktivu uliokwisha kutiwa alkali hauchelewi kuharibika, kwa hiyo upikwe kwa kiasi kinachohitajika tu.

Mvuke

Mvuke uliokwisha kutoa joto lake hugeuka kuwa maji ya moto yaliyo safi, nayo yarudi boila badala ya kumwagwa. Mitego ya mvuke (vali zinazotoa maji hayo na kuzuia mvuke usipotee) ikaguliwe, mabomba yafunikwe, na kuni zikaushwe chini ya paa kwa miezi kadhaa, kwa sababu kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake.

Kinachobaki

Baada ya hayo, mtambo wa majitaka unaweza kupimwa kwa ukubwa wake halisi. Uanze na tangi la kukusanyia maji ya siku nzima, ili bakteria wasipokee nyeusi yenye alkali saa nne na maji baridi meupe saa tano. Majitaka ya pamba huwa na alkali kali. Moshi wa boila, kwa kaboni dioksidi yake, unaweza kuishusha badala ya asidi ya sulfuriki inayoongeza chumvi nyingine. Kanuni za viwango vya maji za Tanzania za mwaka 2007 na za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo kwamba BOD (kiasi cha oksijeni ambacho bakteria huhitaji ili kuozesha uchafu ulio majini) isizidi miligramu 30 kwa lita pale maji yanapoachiliwa kwenye mazingira, na kuongeza maji safi ili kipimo kishuke ni udanganyifu unaoongeza pia ankara ya maji. Tope linalobaki likaushwe kwenye vitanda vyenye sakafu isiyovuja, lipimwe metali nzito, na lisigawiwe kwa wakulima kama mbolea.

Sampuli za kupimwa zichukuliwe kila saa katika siku ya rangi za kukolea, zichanganywe kuwa moja, na chupa iandikwe saa, mashine zilizokuwa zikifanya kazi na fomula zilizotumika, ili kipimo kikipanda ijulikane ni mjazo upi wa kufuatilia.