Somo: Spidi za chini zinazogoma kwenye kamera za filamu (Compur na ndugu zake)

Wakuu, naandika hii mara moja ili kila anayenifuata inboksi na "kamera yangu nikiweka sekunde 1 haifungi" nimtupie hapa.

Naongelea shata (kile kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga kwenye filamu) zinazokaa ndani ya lenzi: Compur, Prontor, na za Kijapani kama Copal na Seikosha. Zenit na wengine wenye pazia mbele ya filamu, si humu.

Kinachougua ni hiki. 1/100 inapiga safi, 1/2 inafunguka na kuganda. Springi ni ileile, ila kwenye spidi za chini kuna msururu wa gia ndogo unaoingia kati kuichelewesha. Ndio ule mlio wa "zzzz" unaousikia. Oili iliyowekwa kiwandani zaidi ya nusu karne iliyopita imekuwa gundi, na springi haina ubavu wa kuvuta gundi. Mara nyingi hakuna kilichovunjika.

1. Toa filamu. Ndiyo, kuna aliyesahau.

2. Fungua lenzi ya mbele. Kama kamera ni ya kukunja na inafokasi kwa kuzungusha lenzi hiyo, chora alama kwanza, na uone nyuzi zinaachia wapi. Ukirudisha pengine, picha zote zitatoka ukungu.

3. Legeza kiskrubu cha pete ya mbele, zungusha pete, inua bati la uso, kisha pete ya spidi yenye mikato. Piga picha kwa simu kila unapoinua kitu.

4. Kusafisha. Hapa ndipo nilipoharibu. Kamera yangu ya kwanza niliimwagia petroli ya laita kama naosha kabureta. Ikapiga sekunde 1 safi kabisa, nikawarushia washikaji video. Asubuhi haifunguki hata kwa 1/100. Petroli ilikuwa imeyeyusha oili ya gia, ikaitembeza mpaka kwenye vibapa (vile vibati vinavyofungua na kufunga mwanga), ikakauka na kuiacha huko. Vibapa ni vyembamba kama karatasi na vinalaliana. Utando kidogo tu, vinanata. Kwa hiyo: simamisha kamera, upande wa gia uwe chini, majimaji yasielekee katikati. Kwa sindano, weka tone MOJA la petroli ya laita kwenye kila ekseli ya gia. Piga shata mara ishirini, nyonya uchafu kwa ncha ya tishu, rudia mpaka tishu itoke safi. Usiufungue msururu wa gia. Ulivyokaa ndivyo unavyopanga muda. Vibapa haviwekwi oili kamwe. Na kaa mbali na jiko, tafadhali.

5. Iache ilale. Ushindi wa siku hiyohiyo usiutangaze.

6. Rudisha pete ya spidi. Vipini vyote (pini ndogo) viingie kwenye mikato yake. Ikikataa kukaa, usisukume.

7. Pima. Fungua mlango wa nyuma, elekeza dirishani, rekodi kwa simu fremu 240 kwa sekunde, uhesabu fremu zenye mwanga. Sekunde 1 ni fremu 240, 1/2 ni 120, 1/10 ni 24. Ukipata 260 kwenye sekunde 1, shukuru, kapige picha.

MASWALI

— Mkuu, WD-40 je?
Hapana.

— Nilishapuliza jana.
Basi una kazi mbili. Rudi hatua ya 4, na safari hii na vibapa utavisafisha, kimoja kimoja.

— Petroli ya sheli si ileile tu?
Si ileile. Ya sheli ina vitu vinavyobaki kama utando. Kichupa cha petroli ya laita kinakutosha mwaka mzima.

— Hamna video? Maelezo marefu.
Hamna. Kama maneno haya ni marefu, msururu wa gia utakuchosha zaidi.

— Samahani mwalimu, yangu ni Compur-Rapid. 1/25 na 1/50 ziko sawa, kuanzia 1/10 kushuka ndio inakwama. Kwa nini hapo hasa?
Swali zuri. Mwisho wa gia kuna kijiti chenye meno mawili kinachotikisika, kama kile cha kwenye saa ya ufunguo. Kwenye 1/25 gia zinafanya kazi bila hicho, ukishuka, kinaingia. Kwa hiyo gia zako zina nafuu, mgonjwa ni kijiti. Mulika tochi, weka tone kwenye ekseli yake tu, uanzie hapo kabla hujagusa kingine. Halafu 1/500 ya Compur-Rapid iweke KABLA ya kukoki shata (kukaza springi yake), maana inakamata springi ya ziada. Ukiilazimisha baada ya kukoki utanikumbuka.

— Mimi shata nzima, ila Agfa Isolette yangu haizunguki kufokasi.
Hiyo ni grisi yao ya kijani, ikizeeka inakuwa saruji. Ipashe kwa drayer ya nywele, petroli kidogo kwenye nyuzi, subiri, jaribu taratibu. Koleo weka mbali.

— Sisi wa Tanga lenzi zinaota kuvu, tufanyeje?
Usiihifadhi kwenye kipochi chake cha ngozi, ngozi inashika unyevu. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wauza viatu wanavitupa tu, omba.