Gitaa safi lenye joto kwa baladi za rock, na besi uiache chini

Kwanza usiguse pedo yoyote (vile visanduku vya ifekti vya kukanyaga kwa mguu). Wapiga gitaa wengi hapa Uganda tumekulia kwenye sebene na kwaya za kanisani, mkono umeshazoea pikapu (kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ya nyuma na trebo nyingi, yaani sauti kali za juu, ili gitaa lisikike juu ya ngoma, sasa ukileta hiyo sauti kwenye baladi ya rock inaumiza masikio na mwimbaji anakuangalia vibaya. Peleka swichi kwenye pikapu ya shingoni. Kama gitaa ni aina ya Stratocaster yenye swichi ya nafasi tano, shingo peke yake ndiyo yenye joto zaidi, ile inayofuata (shingo na katikati pamoja) ni nyepesi kidogo, tamu ukiwa unadonoa kodi (noti kadhaa za pamoja) uzi mmoja mmoja. Toni ishushe toka 10 hadi kama 7, voliumu iache 8.

Sasa hapa ndipo wengi wanaharibu, wanatafuta joto wanaongeza besi. Hapana jamani! Joto la gitaa liko kwenye midi, yaani sauti za kati, besi ukiijaza unagombana na mpiga besi pamoja na mkono wa kushoto wa kinanda na mwisho hakuna anayesikika. Kwenye amplifaya mimi huanzia geini (nguvu ya sauti inayoingia) 3, besi 4, midi 6, trebo 5, halafu napiga kodi moja kwa nguvu zote, ikianza kukwaruza nashusha geini kidogo.

Shida ya kwetu, amplifaya mara nyingi hakuna, unapewa tu kebo inayoingia moja kwa moja kwenye miksa. Usikubali. Pikapu za kawaida zinataka mlango wenye impidensi (ukinzani wa umeme) kubwa, kama megaohm 1, na mlango wa laini wa miksa mara nyingi uko kwenye kiloohm 10 hivi, ndio maana gitaa linatoka limefifia halina uhai. Chomeka kwenye DI boksi (kisanduku kinacholinganisha gitaa na miksa), au afadhali multi-ifekti hata ya bei rahisi yenye simulesheni (uigaji) ya amplifaya na kabineti ya spika, kwa sababu spika ya gitaa ya inchi 12 inakata sana juu ya 5 kHz na bila hiyo utabaki na ukali wa kukera. Chagua modeli ya amplifaya ya Fender Twin Reverb, au Roland JC-120 ukipenda korasi (ifekti inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi), hiyo amplifaya imekuja na korasi yake ndani tangu 1975.

Kompresa, ile inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, reshio (uwiano wa kubana) 3 kwa 1 inatosha, ataki (kasi ya kuanza kubana) iwe ya polepole ili mgongano wa piki kwenye nyuzi usikike. Korasi spidi chini kabisa. Dilei, yaani ifekti ya kurudia sauti, piga hesabu, 60,000 gawa kwa tempo, wimbo wa biti 75 kwa dakika unakupa milisekunde 800, ukitaka robo tatu ya biti ni 600, marudio mawili au matatu na yawe chini ya gitaa lenyewe.

Mngurumo wa singo koili (pikapu za koili moja) utakuwepo tu, hasa karibu na jenereta, lakini ukigusa nyuzi ukasikia umeme unakuchoma zima kila kitu, hapo athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) haipo.

Rivabu (ifekti ya mwangwi wa ukumbi) irekebishe mwisho, bendi nzima ikiwa inapiga, maana ukumbi wa mabati na sakafu ya taili una mwangwi wake tayari, ile uliyoipenda chumbani ipunguze nusu.