Kupima Mafuta ya Kupaka kwa Pingili ya Kidole

Mvua zikishakatika mwezi Mei, na upepo wa Julai ukaanza kupeperusha vumbi la Tabora asubuhi, ngozi hupauka hata kwa mtu asiyekosa kujipaka mafuta kila siku, naye huishia kulilaumu kopo. Mara nyingi mafuta hayana kosa. Ni machache tu.

Chukua nyumba yenye watu wazima watano wanaomaliza kopo moja la gramu 250 kwa mwezi. Ukigawanya, kila mmoja hupata kama gramu 1.7 kwa siku, kiasi kinachotosha uso, shingo na kiganja kimoja, na sehemu nyingine zote za mwili huambulia kile kilichosalia vidoleni. Ndiyo maana uso hung'aa huku miundi ikibaki na rangi ya jivu.

Kipimo rahisi ni pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima. Kamua krimu kutoka kwenye tyubu yenye mdomo wa milimita 5, uilaze kwa mstari kuanzia mkunjo wa kiungo cha mwisho hadi ncha ya kidole: hiyo ni takriban nusu gramu, na hutosha eneo linalolingana na viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Uso na shingo huhitaji pingili mbili na nusu. Mkono mmoja, kuanzia begani hadi ncha za vidole, pingili nne. Mguu mmoja, kuanzia pajani hadi unyayoni, pingili nane. Kifua na tumbo saba, na mgongo pamoja na makalio saba. Jumla yake ni pingili 40 hivi, yaani gramu 20 kwa kujipaka mwili mzima mara moja, au gramu 140 kwa wiki. Kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, ukipima kwa kidole chako na si chake, pingili 13 au 14 hutosha mwili wote.

Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1991 na madaktari wa Cardiff, Wales, kwa ajili ya dawa za ngozi, ambazo hazifai kuzidishwa wala kupunguzwa. Kwa mafuta ya kawaida kichukulie kuwa ni mahali pa kuanzia, kwani ngozi iliyokauka sana inaweza kuhitaji upakaji wa mara mbili kwa siku, na mtu mzima mwenye pumu ya ngozi iliyoenea mwilini hushauriwa kutumia gramu 500 au zaidi kwa wiki.

Mafuta ya mgando hayakamuliki, na asubuhi za baridi huwa magumu koponi, kwa hiyo yachote kwa kijiko safi badala ya kidole kilicholowa, kisha yapashe joto kati ya viganja mpaka yalainike. Jifute maji kwa kugandamiza taulo bila kusugua, ujipake ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado na unyevu, ukifuata uelekeo wa vinyweleo. (Anayeogea sabuni ya mche ya kufulia aiache kwanza, hakuna kipimo kitakachomsaidia.) Nguo na kanga zilizonyonya mafuta hushika moto haraka, hivyo kaa mbali na jiko la mkaa.

Saa sita mchana, pitisha ukucha taratibu juu ya muundi. Ukiacha mstari mweupe, kesho ongeza pingili mbili kwa kila mguu na usiguse kiasi cha uso. Nguo zikiwa bado zinanata saa moja baada ya kujipaka, punguza. Ngozi iliyopasuka hadi kutoa damu, au inayowasha usiku hata baada ya wiki mbili za kipimo hiki, ipelekwe kituo cha afya.