Kabla Hujafunga Breki Kubwa kwenye Pikapu Inayojifunga Breki Yenyewe

Kama pikapu yako hujifunga breki yenyewe inapokaribia kugonga, usiipeleke gereji kwa mazoea ya magari ya zamani. Mfumo ule hutazama mbele kwa rada au kamera, na nyingine zina vyote viwili. Ukiona hatari, unaiamuru pampu ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki) isukume mafuta ya breki hata kama mguu wako uko mbali na pedali. Kiwanda kiliipangia pampu hiyo kalipa (vile vibanio vinavyokandamiza pedi kwenye diski) za saizi fulani. Ukifunga zenye pistoni kubwa zaidi, zitahitaji mafuta mengi zaidi kabla pedi hazijabana diski. Kwa hiyo jiulize kwanza unatafuta nini. Kwa wengi wetu tunaoshusha mzigo kutoka Marangu au Karatu, pedi nzuri, diski mpya za saizi ileile na mafuta mapya vinatosha.

Ukishaamua, pima rimu. Kalipa kubwa inaweza kugoma kuingia. Mipira ya breki iliyochanika, badilisha. Waya wa sensa ya ABS usivutwe. Mafuta ya breki yafuate maandishi ya kifuniko cha chupa yake, na kopo lifunguliwe mbele yako: DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 155. DOT 5 ya silikoni, hapana kabisa.

Sasa upepo, yaani hewa inayoingia kwenye mafuta ya breki. Hapa nisikilize vizuri.

Fundi wangu wa Moshi ana mikono mizuri. Alifunga kalipa mpya, ila wakati wa kazi chupa ya mafuta iliachwa ikakauka. Akamweka kijana akanyage na kuachia, akatoa upepo magurudumu yote manne mpaka povu likaisha. Pedali ikawa inashika juu kabisa. Nikalipa, nikaondoka.

Siku ya tatu nashuka kutoka Marangu kwenda Himo, mikungu ya ndizi nyuma, mke wangu pembeni. Bajaji mbele yangu ikasimama ghafla kupakia abiria. Kabla sijaifikia pedali, gari likapiga mlio, likajifunga breki, pedali ikatetemeka, tukasimama salama. Nikamshukuru Mungu. Kona iliyofuata nikakanyaga, pedali ikazama mpaka chini. Nikapampu, ikashika nusu. Nikashusha gia mpaka namba moja, nikavuta handibreki kidogo kidogo, nikaliingiza gari kwenye majani kando ya migomba. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Upepo ulikuwa umejificha ndani ya yuniti ya ABS, kwenye vijia ambavyo vali zake hufunguka pale tu ABS inapofanya kazi. Kukanyaga pedali hakuufikii. Siku ile bajaji iliifanya ABS iamke, upepo ukatoka ukaingia kwenye mabomba.

Basi kabla hujakabidhi funguo, muulize fundi: una mashine inayoweza kuiendesha pampu ya ABS wakati wa kutoa upepo? Sisemi ya kusoma kodi za hitilafu na kuzifuta; hizo zimejaa kila mahali. Kama hana, nenda kwa mwenye nayo, hata kama ni kwenda hadi Arusha. Na chupa ya mafuta isikauke hata dakika moja, simama hapo uiangalie.

Ukiwa huko, waeleze pia kama umefunga bulba (vyuma vya kukinga mbele ya gari), umenyanyua springi, umebadili saizi ya matairi au kioo cha mbele. Bulba inaweza kuiziba rada, na gari likinyanyuliwa kamera hutazama pembe tofauti na ile iliyopangiwa. Vipimo vya rada na kamera vinatakiwa kurudiwa. Taa ya ABS ikibaki inawaka, usiondoke nalo.

Pedi mpya zizoeshe taratibu kwenye barabara tupu na tambarare, gari likiwa tupu. Usifanye kazi hii jioni ya kuamkia safari. Dereva wako mweleze kilichobadilishwa, na kila asubuhi akanyage pedali kabla ya kutoka getini.