Unauza gari huku Uingereza? Usimwachie mnunuzi ile kadi

Wana Mtwara na Lindi mlioko Uingereza, naona kila mtu anabadilisha gari, huyu MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, imemkatalia, yule kapata mtoto wa tatu anataka gari kubwa. Sawa. Ila kabla hujakabidhi funguo nisikilize: siku gari inaondoka mlangoni kwako, wewe mwenyewe ingia mtandaoni uwaambie DVLA, wale wanaosajili magari na leseni, kwamba umeiuza. Wewe. Sio mnunuzi, sio dalali, sio yule Mswahili mwenzetu mpole uliyekutana naye msikitini.

Mimi alinipata jamaa aliyesema ana yadi. Akachukua V5C yote, ndiyo kadi ya gari ya huku, akasema ofisi yake itaituma, mkataba tukasaini, pesa ikaingia benki, tukaagana vizuri kabisa. Hakutuma kitu. Gari ikawa inazurura kwa jina langu na bahasha zinadondoka kwangu, mara kapita njia ya mabasi, mara kapaki pabaya, mara kaingia London hajalipa ULEZ, ile tozo ya magari yenye moshi mchafu, ambayo kwa gari isiyokidhi viwango ni pauni 12.50 kwa siku na usipolipa inakuja faini ya 180, ukiwahi ndani ya siku 14 unalipa nusu. Na hizo bado ndogo. Ikaja ya spidi, hii ndiyo inaua, maana polisi wanamwandikia aliyesajiliwa wanataka amtaje dereva, ukikaa kimya unaweza kupigwa pointi 6, na kama leseni yako ya kwanza ya huku haijatimiza miaka 2 basi pointi 6 zinaifuta, unarudi kwenye mtihani wa nadharia na wa barabarani kama hujawahi kushika usukani. Kilichonitoa ni muamala wa benki na picha ya leseni ya yule bwana iliyokuwa kwenye simu. Piga picha leseni ya mnunuzi. Asipotaka, asiondoke na gari.

Najua tulivyozoea. Kwetu gari inapita mikono minne kadi bado ina jina la mzee wa Masasi aliyeinunua mwanzo, na deni la trafiki linakaa kwenye namba ya gari, atakayekamatwa nayo pale Mnazi Mmoja ndiye atalipa. Huku barua inafuata jina mpaka mlangoni. Hawa watu jirani anaweza asikusalimie mwaka mzima, lakini serikali yao inakuamini ujaze fomu mwenyewe, hakuna muhuri wa wakili wala afisa wa kukukimbiza, halafu usipojaza ndio unaonja. Utaratibu mzuri kwa aliyezaliwa nao, sisi wa kuja hakuna wa kutuelekeza mpaka tulie kwanza.

Kwa hiyo narudia: kwenye V5C kuna namba ya tarakimu 11, ingiza, barua pepe ya kuthibitisha ikija ihifadhi. Mkulima wa Tandahimba hatoki ghalani bila stakabadhi ya korosho zake, na wewe usilale bila hiyo. Kodi ya barabara ya miezi kamili iliyobaki watakurudishia, bima waambie. Kama gari imekufa kabisa ipeleke skrepa yenye kibali, inaitwa ATF, wakupe cheti kwamba imeharibiwa, na pesa ije benki, maana England na Wales kulipia skrepa kwa keshi ni kosa, anayekuja na noti mkononi mkimbie.

Halafu kuna mjomba wa Newala: "usiiuze skrepa, ipakie melini, usukani si uko kulia?" Mjomba wangu, usukani uko kulia kweli, ila wakati wa baridi huku wanamwaga chumvi barabarani, chini kote kutu, ikija kupigwa na upepo wa bahari pale Shangani itabaki redio. Na TRA unawajua na ushuru wao wa uchakavu. Huyo mjomba hasikii, lakini mmwambie kwa upole, hajawahi kuona theluji.

Kununua nyingine ni rahisi zaidi ukiwa na namba ya gari. Kwenye tovuti ya serikali unaangalia historia ya MOT bure, maili zake kila mwaka, ilifeli wapi, kutu imeandikwa mara ngapi, na maili zikishuka badala ya kupanda achana nayo. Lipia pia zile pauni chache za kuangalia kama inadaiwa mkopo. Nenda nyumbani kwa muuzaji mchana, anwani ifanane na ya kwenye V5C, shika boneti, ikiwa ya moto kabla hujafika ujue kaipasha makusudi ili usisikie inavyowaka ikiwa baridi. Na uliza sana! Muuzaji wa huku anaweza asikudanganye, ila usichouliza hakisemi, na anakutabasamia. Mimi ningenunua yadi hata kwa bei ya juu kidogo, sheria ya haki za mteja ya 2015 inakupa siku 30 za kuirudisha ikiwa na ubovu, kwa mtu binafsi ulinzi huo huna.

Mwisho kodi. Kwetu roadi laisensi ilifutwa 2017 ikaingizwa kwenye mafuta, huku ipo na tangu Oktoba 2014 haihami na gari, hata muuzaji akikwambia kalipia mpaka Juni. Chukua kile kipande cha kijani cha V5C, kata bima, lipia kodi kwa simu hapohapo nje kwake, ndio uwashe. V5C mpya isipofika ndani ya wiki 4 usikae kimya, wapigie.