Kujaza sababu ya kifo cha mgonjwa aliyepasuliwa

Mimi ndiye ninayepokea mafaili ya wodi ya upasuaji, na bado nakuta fomu imeandikwa "moyo kusimama". Jamani, nani aliyekufa moyo ukidunda? Mtafiti hawezi kuitumia fomu hiyo.

Anza mstari wa juu wa sehemu ya kwanza: kilichomuua moja kwa moja. Kisha teremka ukijiuliza, "kimetokana na nini?" Kwa mfano: sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi), chini yake usaha tumboni, chini kabisa kidole tumbo kilichopasuka. Hicho cha chini ndicho chanzo, na ndicho takwimu za vifo huhesabu. Kisukari kilichochangia tu kiende sehemu ya pili. Andika na muda: saa, siku, miaka.

Fomu hii ya WHO (Shirika la Afya Duniani) inauliza pia kama alipasuliwa ndani ya wiki 4 zilizopita. Usiruke hapo. Weka tarehe na sababu. "Laparotomia" (kufungua tumbo) peke yake haitoshi.

Tafiti nyingi huhesabu vifo hadi siku 30 baada ya upasuaji. Aliyefia nyumbani siku ya 20 hupotea tusipowapigia ndugu simu. Mimi husubiri matanga yaishe, ndipo napiga.