Kabla hujatoa gundi ya stika kwenye jiwe lako, lijue jiwe kwanza

Mtu akibandua stika kwenye jiwe lake lililong'arishwa akaona imebaki ile gundi inayonata na kukamata vumbi, swali linalomjia ni moja tu, nitumie nini kuitoa. Hilo swali liweke pembeni kwanza. Gundi itatoka tu, leo au kesho, dawa zake zipo tele. Kisichorudi ni mng'ao, na kwa baadhi ya mawe hata rangi hairudi. Kwa hiyo kabla hujafungua chupa yoyote pitia haya, na tafadhali usirukeruke.

La kwanza ni kujua umeshika jiwe gani, na usitegemee jina lililoandikwa kwenye stika manake muuzaji huandika jina linalouza. Jamii ya kwatsi, yaani akiki, amethisto, jicho la chui na wenzao, zina ugumu wa karibu 7 kwenye ile skeli ya 1 hadi 10 ya jiwe lipi huchora lipi, aliyoipanga mtaalamu wa madini Friedrich Mohs mwaka 1812, na hizo hazina ugomvi na sabuni, spiriti wala asetoni (kiyeyusho kilichomo kwenye dawa nyingi za kutolea rangi ya kucha) mradi hazijatiwa rangi, na hapo kwenye mradi ndipo penye kazi kwa sababu akiki nyingi zenye buluu kali au pinki ya kuwaka ni za kutiwa rangi. Malakiti iko 3.5 hadi 4, marumaru karibu na 3, kaharabu 2 hadi 2.5, na selenaiti ni jasi tu, ugumu wake 2, hata ukucha unaichora. Malakiti, marumaru, lulu na marijani zote zina kabonati, ukizigusa na siki au limau tindikali inaanza kuula uso wake, utaona hata vipovu, na pale ilipopita panabaki pamefubaa. Kwa hiyo wale wanaoshauri siki kwa kila kitu waache na ushauri wao. Feruzi ina vitundu vidogo usivyoviona kwa macho, inafyonza chochote unachoipaka. Opali ina maji ndani yake, tena nyingine ni tabaka mbili au tatu zilizounganishwa kwa gundi, sasa wewe uiloweke kwenye kiyeyusha gundi halafu ushangae imeachana. Kaharabu hata jiwe siyo, ni utomvu wa miti ya kale ulioganda, na spiriti na asetoni zote zinaushambulia.

Mambo madogo haya yapite haraka. Fungua dirisha. Vaa glavu. Vua pete hasa zenye almasi. Tandika taulo chini, jiwe lenye sabuni linateleza. Suuza vumbi kwa maji kabla ya kusugua chochote, kwa sababu ndani ya vumbi huwa kuna chembe za mchanga na mchanga mwingi ni kwatsi, ukiusugua mkavu juu ya malakiti hapo huisafishi, unaipiga msasa. Kama ni selenaiti usiimwagie maji, ipangusie brashi laini kavu.

Sasa hili linalofuata ndilo watu hawaambiwi: uso wa jiwe unaouona unang'aa si lazima uwe jiwe.

Shangazi yangu alikuwa na feruzi yake, buluu nzuri kabisa, tambarare nyuma na mviringo mbele, na aliyebandika stika ya bei aliibandika mbele pale pale kwenye mng'ao, sijui watu hawa huwa wanawaza nini. Karatasi ikatoka, gundi ikabaki. Binamu yangu, mwanawe, akamwambia, mama, tumia ile ya kutolea rangi ya kucha, inamaliza kila kitu. Akapaka kwa pamba, gundi ikaondoka, wakafurahi. Kuja kugusa baadaye, bado inanata. Akarudia. Ikanata tena, na safari hii eneo limekuwa kubwa kuliko stika yenyewe ilivyokuwa, yaani kadiri anavyosugua ndivyo kule kunata kunavyotanuka, nyuzi nyeupe za pamba zinashikwa juu ya jiwe na kulala pale kama manyoya, na kwenye pamba kuna ubuluu kwa mbali ambao yeye alidhani ni wino wa stika. Akasema hii gundi ni kaidi. Akalitumbukiza jiwe zima kwenye kibakuli cha asetoni akaenda kufanya shughuli zake.

Kumbe gundi ilishaisha tangu pamba ya kwanza. Alichokuwa anakiyeyusha muda wote ule ni koti la resini, kitu kama plastiki, lililopakwa juu ya jiwe ili ling'ae, na chini ya lile koti rangi nayo ilikuwa ya kupaka. Alipolitoa na kulikausha upande mmoja umepauka, mistari ya kijivu imejitokeza, buluu imekimbilia kwenye nyufa ikabaki huko. Sonara aliyekuja kuonyeshwa hakuhitaji hata lensi, akasema mama hii ni haulaiti, jiwe jeupe linalotiwa rangi na kuuzwa kama feruzi. Shangazi akajibu basi mimi nilinunua rangi. Akaondoka nalo hivyo hivyo.

Na usifikiri yanapatwa ya bandia tu. Feruzi halisi nyingi zimeshindiliwa resini au nta ili zisivunjike, malakiti hupakwa nta, zumaridi nyufa zake hujazwa mafuta au resini ili zisionekane, na asetoni haijui kutofautisha resini iliyowekwa makusudi na gundi ya stika. Kwa hiyo shika alama mbili hizi. Kule kunata kukivuka mpaka wa pale stika ilipokuwa, acha hapo hapo. Pamba ikitoka na rangi ya jiwe, acha hapo hapo, usijiambie ngoja nimalizie.

Ndiyo maana jaribio ni lazima, na jaribio lina namna yake. Geuza jiwe, tafuta sehemu ya chini isiyoonekana, gusa kwa ile pamba ya masikio iliyolowa kidogo tu, halafu subiri ikauke. Hapo kwenye kukauka ndipo wengi wanajidanganya, jiwe likiwa limelowa hata lililoharibika linang'aa, maji yanajaza yale mikwaruzo na unaona kila kitu shwari. Likikauka lishike karibu na taa uliinamisheinamishe, angalia ile picha ya taa juu ya uso wa jiwe: kingo zake zikiwa kali na safi uko salama, zikiwa na ukungu pale ulipogusa tu, hiyo dawa haifai kwa jiwe hilo, rudisha chupa kabatini.

Ukishajua jiwe, ndipo uulize gundi. Ile laini ya stika inayoviringika ukiisugua ndiyo rahisi. Anza bila dawa yoyote, chukua selotepu, bandika juu ya gundi, kandamiza kwa kidole, vuta haraka, rudia. Gundi hung'oa gundi, na njia hii haina kimiminika kwa hiyo hata feruzi unaifanyia, labda iwe na nyufa zinazobanduka. Ikigoma, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, liache dakika kama 10 kisha sugua kwa kidole gumba, ila siyo opali, siyo feruzi, siyo selenaiti. Halafu spiriti, halafu asetoni mwisho kabisa na kwa kwatsi isiyotiwa rangi peke yake. Mafuta ya kupikia yanalainisha gundi ya stika vizuri sana, sikatai, lakini kwenye jiwe linalofyonza, marumaru ikiwemo, yanaingia ndani na kuacha doa jeusi-jeusi utakalopambana nalo kuliko hata gundi. Supaglu inalainika kwa asetoni taratibu, inataka subira. Epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, ikishakauka asetoni haiiwezi kwa maana, hiyo mpelekee fundi.

Kukwangua: ukucha, au kadi ya plastiki iliyolazwa. Wembe na kisu hapana. Chuma cha kisu kina ugumu wa kama 5.5, kinachora malakiti na marumaru bila shida, na kwenye kwatsi ambayo hakiiwezi kinaacha mstari wa kijivu ambao watu hudhani ni mkwaruzo kumbe ni chuma chenyewe kimebaki juu. Dawa ya meno hapana vilevile, ina chembe za kusugulia, kazi yake ndiyo hiyo. Stilwaya sijui hata kwa nini naitaja.

Joto la draya ya nywele linalainisha gundi ndiyo, ila opali inaweza kupasuka, tanzanaiti na floraiti hazipendi joto la ghafla, na mtu asije akapuliza draya kwenye jiwe lililolowa asetoni. Asetoni mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ni mzito kuliko hewa unatambaa chini hadi kwenye jiko la chumba cha pili, hivo hakuna mshumaa, hakuna sigara, hakuna jiko linalowaka. Tumia kibakuli cha kioo, vingine vya plastiki vinayeyuka. Soma chupa ya kutolea rangi ya kucha, kuna zenye rangi na manukato na mafuta ndani na kuna zisizo na asetoni kabisa. Usichanganye dawa ya madoa yenye klorini na chochote kati ya hivi, ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, ikikutana na asetoni au spiriti inazaa sumu nyingine. Kama jiwe limeshapachikwa kwenye pete au kidani kumbuka mengi yameshikwa na gundi pale yalipokaa, usililoweke. Kama siyo lako muulize mwenyewe kwanza, tena akujibu kwa maandishi. Watoto wakae mbali, na zile pamba ulizotumia usizirundike kwenye ndoo ya taka ya ndani, zitandaze nje zikauke kwanza ndio uzitupe.